Vitenzi Vigumu vya Kiingereza na Urithi wa Mrundi



Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Kijana wa Bujumbura aliyemaliza shahada ya kwanza na anayetamani kusoma uzamili ng'ambo huikuta methali hiyo imesimama mbele yake kama lango. Kwa miaka mingi vyuo vikuu vya Marekani vilimtaka mwombaji afanye mtihani uitwao GRE. Siku hizi baadhi yake vimeliondoa sharti hilo, lakini vingine bado vinaudai. Tangu mtihani huo ulipofupishwa mwezi Septemba 2023, sehemu yake ya lugha ina maswali 27 ya kujibiwa kwa dakika 41. Mtahiniwa huwekewa sentensi yenye pengo alijaze, na pengine hutakiwa kuchagua maneno mawili kati ya sita, yote mawili yakiipa sentensi maana ileile. Hapo ndipo vitenzi vinapomtoa jasho: "exacerbate", "corroborate", "abrogate", "vacillate". Na jasho hilo lina bei. Ada ya mtihani inapita dola 200 za Marekani, katika nchi ambayo pato la wastani la mtu kwa mwaka mzima ni dola mia chache tu. Nani atamudu kushindwa na kuurudia?

Wengi hujiandaa kwa njia moja tu: kutafuta orodha ndefu ya maneno na kuikariri usiku na mchana. Leo nataka tuitazame orodha hiyo kwa jicho la historia. Tukiitazama hivyo, tutagundua kwamba Mrundi aliyesoma shuleni kwetu anamiliki tayari sehemu kubwa yake, ila hajawahi kuambiwa.

Tuanzie mbali kidogo. Tarehe 14 Oktoba 1066, William, mtawala wa Normandy, alimshinda Mfalme Harold wa Uingereza katika vita vya Hastings. Washindi walikuja na lugha yao, aina ya Kifaransa. Kwa vizazi vingi lugha hiyo ikawa ya ikulu, ya mabwana na ya mahakama, wakati mkulima akiendelea kuongea Kiingereza chake shambani. Mwaka 1362 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kutaka kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa sababu wananchi hawakuelewa yaliyokuwa yakisemwa mahakamani kwa kuwatetea au kuwashtaki. Sheria hiyo ya kukitetea Kiingereza iliandikwa kwa Kifaransa! Msomaji wa Burundi atatabasamu, maana anaijua hali ya kuletewa karatasi ya serikali katika lugha ambayo mama yake hawezi kuisoma.

Baadaye, hasa katika karne za 16 na 17, wanazuoni wa Uingereza walichota maneno mengine moja kwa moja kutoka Kilatini. Ndiyo maana Kiingereza kina matabaka. Kuuliza ni "ask" kwa mtu wa kawaida, neno la asili. "Question" lilipitia Kifaransa. "Interrogate" lina mavazi ya Kilatini. Kuanza ni "begin", kisha "commence", kisha "initiate". Maneno ya tabaka la juu yaliwatatiza Waingereza wenyewe. Mwaka 1604 Robert Cawdrey, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule, alichapisha kamusi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Haikuwa kamusi ya maneno yote. Ilikuwa orodha ya maneno magumu yapatayo 2,500, yakielezwa kwa maneno mepesi, na yale yaliyotoka Kifaransa aliyatia alama maalumu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usione haya kuangalia kamusi. Kamusi ya kwanza ya Waingereza iliandikwa kwa ajili ya Waingereza walioshindwa kuyaelewa maneno hayohayo.

Kiswahili nacho kinaufahamu mpangilio huu. Tuna "kufa" na tuna "kufariki". Tuna "kuficha" na "kusitiri". Tuna "kuanza" na "kuasisi". La kwanza katika kila jozi ni la Kibantu, la pili limetoka Kiarabu, na kila mzungumzaji mzuri anajua kwamba hayatumiki mahali pamoja. Hakuna anayesema kuku amefariki. Anayeihisi tofauti hiyo ana sikio la kuhisi tofauti ya "begin" na "initiate".

Sasa turudi nyumbani. Mji wetu ulipoitwa Usumbura chini ya Wajerumani, Kiswahili kilikuwa lugha ya soko, ya askari na ya utawala wa kila siku, na mpaka leo mtaa wa Buyenzi unajulikana kwa Kiswahili chake. Mwaka 1916 Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani, na Kifaransa kikapanda ngazi hadi ofisini, shuleni na mahakamani. Uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 haukukishusha. Kisha, tarehe 1 Julai 2007, Burundi ikawa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mwaka 2014 sheria ya nchi ikakiweka Kiingereza miongoni mwa lugha rasmi, pamoja na Kirundi na Kifaransa. Mtoto wa Burundi leo anakutana na lugha nne shuleni: Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili.

Wengine huuita huo mzigo, na malalamiko yao yana msingi. Hata hivyo, tazama jambo moja. Kifaransa kiliingia Uingereza kwa ushindi wa vita, na kikaingia Burundi kwa njia iyo hiyo, karne nyingi baadaye. Athari za ushindi wa kwanza ndizo zinazotahiniwa leo. Athari za ushindi wa pili ndizo zilizomo kichwani mwa mwanafunzi wetu. Anayejua "exacerber" amekwisha kujua "exacerbate". "Corroborer" ni "corroborate", "élucider" ni "elucidate", "atténuer" ni "attenuate", "dénigrer" ni "denigrate", "vaciller" ni "vacillate". Mwananchi anayesikiliza taarifa za habari kwa Kifaransa amesikia mara nyingi kwamba sheria imefanyiwa "promulguer", au "abroger", au kwamba mkataba umefanyiwa "ratifier". Basi "promulgate", "abrogate" na "ratify" ni majirani zake wa siku nyingi. Kijana wa London aliyekulia katika Kiingereza chepesi cha mtaani huenda akahitaji kuyakariri. Wewe unahitaji kuyatambua tu.

Lakini jirani si ndugu, na hapa tahadhari inahitajika. Yapo maneno yanayofanana sura na kutofautiana tabia. "Demander" ni kuomba, bali "demand" ni kudai. Anayeandika barua ya kuomba ufadhili akitumia "demand" ameshaanza ugomvi na mfadhili. "Résumer" ni kufupisha, "resume" ni kuendelea baada ya kusita. "Décevoir" ni kumvunja mtu moyo, "deceive" ni kumdanganya. "Achever" ni kumaliza, "achieve" ni kufanikisha. "Prétendre" ni kudai kwamba jambo ni kweli, "pretend" ni kujifanya. Haya yaandike peke yake, katika ukurasa wake, na uyarudie mara kwa mara.

Lipo pia kundi la tatu ambalo Kifaransa hakilifungui: vitenzi vya asili ya Kiingereza, au vilivyoletwa na wavamizi wa kaskazini kabla ya 1066. "Thwart" ni kuzuia jambo lisifanikiwe. "Wane" ni kupungua nguvu au mwanga, kama mwezi. "Belie" ni kuficha hali halisi, kama tabasamu linaloficha huzuni. "Forestall" ni kuwahi jambo na kulizuia kabla halijatokea. Ni mafupi, yanaonekana mepesi, na ndiyo humkwaa msomi wa Kifaransa. Nguvu ya kukariri ielekeze huku.

Nakushauri basi ugawe daftari lako sehemu tatu: majirani, wadanganyifu na wageni. Mbele ya kila kitenzi andika sentensi nzima ya Kiingereza, kisha maana yake kwa Kiswahili au Kirundi, si kwa Kifaransa pekee, ili maana ikae katika lugha unayofikiria nayo. Tangu 2011 GRE haiulizi tena kinyume cha neno lililosimama peke yake. Neno huulizwa likiwa ndani ya sentensi. Asiyelisoma katika sentensi hajalisoma.

Kwa nini jambo hili liingie katika elimu ya uraia? Kwa sababu lugha ya lango huamua nani apite. Katika Uingereza ya 1362, asiyejua Kifaransa alihukumiwa bila kuelewa mashtaka yake. Katika Bujumbura ya leo, kijana mwenye akili ya uhandisi au tiba anaweza kujihesabu mjinga kwa sababu ya orodha ya vitenzi, na nchi ikampoteza mtafiti. Mlango wenyewe hauko Marekani tu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam hufundisha kwa Kiingereza, na sisi ni wanachama wa jumuiya moja nao. Shule zetu zina walimu wa lugha nne, na kila mmoja ana kipindi chake na kitabu chake. Mwalimu wa Kifaransa na mwalimu wa Kiingereza wakikaa meza moja kwa saa moja kila juma, wataweza kuwaonyesha wanafunzi daraja ambalo halihitaji bajeti ya wizara. Mzazi anayo haki ya kuuliza katika mkutano wa shule kwa nini daraja hilo halijengwi, na mwanafunzi anayo haki ya kuanza kulijenga mwenyewe leo jioni.

Lugha ambazo historia ilituletea bila kutuomba ruhusa zimekwisha kuwa mali yetu. Aliyelipia mali kwa gharama kubwa namna hii asikubali ikae kabatini.