Mpangilio wa vifaa vya upasuaji

Mpangilio wa vifaa vya upasuaji ni utaratibu unaofuatwa na wauguzi wa chumba cha upasuaji wanapopanga visu, mikasi, koleo, sindano na vitambaa mezani kabla ya mgonjwa kupasuliwa. Mpangilio ukiwa sanifu, kila kifaa huwa na mahali pake pasipobadilika, hata kama muuguzi au zamu imebadilika. Malengo yake ni mawili: kifaa kimfikie mpasuaji bila kutafutwa, na kitu chochote kisisahauliwe ndani ya mwili wa mgonjwa.

Historia

Mmojawapo wa watu wa kwanza kulichunguza jambo hili hakuwa tabibu. Frank Gilbreth (1868–1924) alikuwa mjenzi nchini Marekani, aliyejulikana kwa kupunguza miendo ya mwashi anapoweka tofali moja kutoka 18 hadi takriban 5. Baadaye yeye na mke wake Lillian, mwanasaikolojia, walichunguza kazi ya wapasuaji kwa kutumia filamu. Waliona kwamba muda mwingi ulipotea katika kutafuta vifaa. Katika makala iliyochapishwa mwaka 1916 Gilbreth alipendekeza awepo msaidizi wa kumpa mpasuaji kila kifaa mkononi, akamfananisha na kijana anayembebea mchezaji wa gofu fimbo zake.

Sifa zote si zake, kwa kuwa wauguzi walikuwa wakishughulikia vifaa kabla ya hapo. Kwa mfano, Caroline Hampton alifanya kazi hiyo kwa mpasuaji William Halsted huko Baltimore tangu mwaka 1889.

Mezani

Kwa kawaida huwa na meza mbili. Meza ndogo husogezwa karibu na mgonjwa na huwekwa vifaa vinavyotumika mara kwa mara: kisu, mikasi, koleo na vibanio vya mishipa ya damu. Vingine hubaki kwenye meza kubwa ya nyuma. Vifaa vya aina moja hulazwa pamoja, mipini ikielekea upande mmoja, ili muuguzi avitambue kwa kuvitupia jicho tu. Vyenye makali hutengwa, mara nyingi ndani ya bakuli, visije vikamchoma mtu.

Faida ya usanifu huonekana zaidi pale muuguzi anapopokelewa na mwenzake katikati ya upasuaji. Anayeingia huikuta meza anayoijua. Hata hivyo wapasuaji wana mazoea yao, na anayetumia mkono wa kushoto huenda akahitaji meza igeuzwe.

Kuhesabu

Vifaa, sindano na vitambaa huhesabiwa na wauguzi wawili kwa sauti kabla ya upasuaji, na tena kabla ya kufunga jeraha. Meza iliyovurugika ni ngumu kuhesabu. Kitambaa cha shashi kilicholowa damu hufanana sana na nyama ya mwili, kwa hiyo vingi hutengenezwa vikiwa na uzi unaoonekana kwenye eksirei.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulichunguza wagonjwa 54 waliosahauliwa jumla ya vitu 61 mwilini; asilimia 69 vilikuwa vitambaa. Hatari ilikuwa takriban mara 9 zaidi katika upasuaji wa dharura, na mara 4 pale upasuaji ulipobadilika ghafla, yaani hasa katika nyakati ambazo utaratibu huachwa kwa sababu ya haraka.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, ambayo humtaka muuguzi athibitishe hesabu hiyo kwa mdomo kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Orodha ilijaribiwa katika hospitali za miji 8, ukiwemo Ifakara nchini Tanzania, na vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Matokeo hayo ni ya orodha nzima, si ya kuhesabu vifaa peke yake.