Bega la mwogeleaji
Bega la mwogeleaji ni maumivu yanayotokana na kuzungusha mkono mara maelfu kila wiki, hasa katika mtindo huru na kipepeo. Madaktari Kennedy na Hawkins wa Kanada waliyaeleza mwaka 1974. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2010, kwa waogeleaji 80 mahiri, ulikuta asilimia 91 wanaumwa bega. Wanaozidi kilomita 35 kwa wiki huharibika kano ya juu ya bega kwa urahisi zaidi. Hivyo umbali uongezwe polepole, na misuli ya kombe la mkono iimarishwe. Kijana wa Tarime au Serengeti, ambako Mto Mara una mamba na viboko na hivyo si salama kuogelea, huenda akaanza kuogelea bwawani akiwa mkubwa, kwa hiyo kocha asimharakishe.