Maduara ya Shambani na Waliokwenda Kuyachunguza

Mtoto anayekulia Tanga husimuliwa mapema kwamba mapango ya Amboni yanapita chini kwa chini hadi Mombasa, na wapo wanaoongeza kuwa tawi moja linatokea Kilimanjaro. Watafiti walioyapima mwaka 1994 walihesabu mapango 10, na refu kuliko yote lilikuwa na mita 900 hivi. Hadithi haikufa kwa kipimo hicho, wala mimi sitaki ife. Ni urithi wetu. Lakini anayetaka kujua mwisho wa pango ulipo, sasa anajua.

Nimeikumbuka Amboni kwa sababu ya picha zinazopita kwenye simu hapa Mabawa. Ni mashamba ya ngano ya Uingereza yaliyopigwa picha kutoka angani: mabua yamelazwa kwa mpangilio, duara ndani ya duara, mistari iliyonyooka kama reli. Chini ya picha huandikwa kuwa ni kazi ya viumbe wa sayari nyingine, au ya majini, na kwamba wanasayansi wameshindwa kueleza. Hawakushindwa. Jambo hili lina historia yenye miaka na majina ya watu, na msomaji wa pwani anastahili kuipata.

Inaanzia Australia. Januari 1966, karibu na mji wa Tully katika jimbo la Queensland, mkulima wa ndizi alisema ameona chombo kikipaa kutoka kwenye bwawa. Alipofika mahali penyewe alikuta matete yamelala kwa kuzunguka na kufanya duara. Magazeti yaliipokea habari hiyo kwa mikono miwili. Mwingereza mmoja, Doug Bower, aliyekuwa akiishi Australia miaka hiyo, aliisoma na hakuisahau.

Bower alirudi kwao Southampton, akafungua duka la kutengeneza fremu za picha. Rafiki yake Dave Chorley alikuwa mchoraji wa rangi za maji kama yeye. Jioni moja ya mwaka 1978, wakitoka kwenye kilabu cha pombe na kutembea kando ya mashamba ya Hampshire, Bower alimsimulia mwenzake habari za Tully na kumuuliza ingekuwaje wakifanya kitu kama kile kwenye ngano. Walianza na nondo ya chuma. Baadaye waligundua kuwa ubao wenye kamba ni bora zaidi: unashika kamba kwa mikono, unakanyaga ubao, mabua yanalala mbele yako bila kukatika. Ili mistari isipinde, Bower alifunga waya wenye kitanzi kwenye kofia yake, akawa analenga mti au taa ya mbali kupitia kitanzi hicho.

Nyayo je? Hilo ndilo swali lililowasumbua wengi, na jibu lake liko kwenye kilimo chenyewe. Trekta la kunyunyizia dawa hupita shambani mara kwa mara na kuacha njia mbili za matairi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mtu akifuata njia hizo hufika katikati ya shamba bila kuvunja bua hata moja.

Miaka mitatu ya mwanzo hakuna aliyewatilia maanani. Mwaka 1981 walikwenda Cheesefoot Head karibu na Winchester, mahali ambapo shamba limekaa kwenye bonde kama bakuli na barabara inapita juu yake. Hapo magari yalisimama, na waandishi wa habari wakafuata. Baada ya hapo wakaja wachunguzi.

Terence Meaden, mtaalamu wa hali ya hewa, alifundisha kwamba maduara hayo ni kazi ya upepo wa kisulisuli unaokaa mahali pamoja kando ya vilima. Bower na Chorley walipolisikia hilo, wakaanza kuongeza mistari iliyonyooka, maana kisulisuli hakichori mstari. Pat Delgado na Colin Andrews walitoa kitabu mwaka 1989, Circular Evidence, wakidai kuna nguvu yenye akili inayofanya kazi mashambani. Mwaka 1990 kikundi cha watafiti kikiwa na kamera za usiku, pamoja na mashirika ya televisheni, kilikesha kikingojea. Maduara yalitokea kweli. Walipokwenda kuyaangalia wakakuta yameachiwa ubao wa mchezo na misalaba ya mbao katikati. Kuna watu waliopita mbele ya kamera zao, na waliokuwa wanatazama waliamini wanachotaka kukiona.

Wachunguzi wengine walisema vifundo vya mabua vimevimba na kupinda, na wakaona ni ushahidi wa joto lisilo la kawaida. Hapa mkulima yeyote wa Muheza angewasaidia. Mahindi machanga yakilazwa na upepo wa masika hayabaki chini: bua hujipinda kwenye kifundo, upande wa chini ukirefuka kuliko wa juu, na ncha huanza kutafuta anga tena. Ngano ni nyasi kama mahindi, na hufanya vivyo hivyo.

Septemba 1991 wazee wale wawili, wote wakiwa wamepita miaka 60, walieleza yote kwa gazeti la Today. Mke wa Bower alikuwa ameshajua. Aliona kilomita za gari zinavyopanda kila msimu wa ngano, akadhani mumewe ana mwanamke mwingine, mpaka alipoonyeshwa kazi yenyewe. Ili kuthibitisha, walitengeneza duara huko Kent, na Delgado akaitwa kulikagua. Alisema ni la kweli, hakuna binadamu anayeweza kulifanya. Alipoambiwa, alikiri kuwa amedanganywa, na mimi namheshimu kwa hilo, maana wenzake wengi hawakukiri hadi leo.

Maduara hayakukoma. Wasanii vijana waliichukua kazi ile, na Agosti 2001 kwenye kilima cha Milk Hill, Wiltshire, lilitokea umbo lenye maduara 409. Mtafiti Jeremy Northcote alipochora ramani ya maduara ya Uingereza ya mwaka 2002 aliona yamejaa karibu na barabara, karibu na makazi ya watu, na karibu na magofu maarufu kama Stonehenge na Avebury. Yalifuata watazamaji.

Katika masimulizi yote haya kuna mtu mmoja ambaye hutajwa kwa nusu sentensi: mwenye shamba. Ngano iliyolala mashine ya kuvuna haiiokoti vizuri, na hasara ya duara lenyewe ni ndogo ukilinganisha na ya mamia ya watu wanaokuja kulitazama. Baadhi ya wakulima waliweka sanduku la kiingilio langoni, wengine wakaleta mashine wakavuna duara asubuhi ile ile. Waliokwenda kuchunguza walipima pembe za mabua kwa uangalifu mkubwa, na wachache sana walianza kwa kukaa chini na mkulima.

Kwetu mzaha wa namna hiyo usingefika mbali. Shamba la mahindi la Handeni au Korogwe limechanganywa na kunde na maboga, mashina yameachana, na ukilaza mahindi kumi hupati umbo bali fujo. Isitoshe, mahindi yakikaribia kukomaa shamba halilali peke yake. Mtu yuko juu ya dungu na debe lake, analinda nguruwe. Mgeni mwenye ubao usiku wa manane angeanza kwa kujieleza.

Hata hivyo Afrika Mashariki ina maduara yake, na ni ya kustaajabisha kuliko ya Hampshire. Kusini-magharibi mwa Kenya, huko Narok, ukitazama kutoka angani unaona mbuga yenye miti iliyotobolewa na madoa ya nyasi mbichi, mengi yakiwa na upana wa mita 100 hivi, yakiwa mviringo. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha kazi ya timu ya Fiona Marshall, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Washington cha St. Louis, iliyochimba maeneo matano ya aina hiyo. Chini ya nyasi walikuta tabaka la udongo laini wa kijivu. Lilikuwa samadi iliyooza, yenye fosforasi, kalisi na magnesi nyingi kuliko udongo wa jirani. Duara changa kuliko yote lina miaka 1,550 hivi, na kongwe linafika 3,700.

Namna yalivyofanyika inaeleweka na kila aliyeona boma la wafugaji. Nyumba zimezunguka, boma la miiba limezunguka, ng'ombe na mbuzi wako katikati. Mchana mifugo hula mbali, usiku hurudi na kuacha samadi mahali pamoja, mwaka baada ya mwaka. Rutuba ya mbuga pana inakusanywa kwenye kiwanja kimoja. Kaya zikihama, nyasi tamu huota. Swala na pundamilia huja kula, nao wanaongeza kinyesi chao, na duara linajilisha lenyewe kwa maelfu ya miaka. Kwa muda mrefu wafugaji walisemwa kuwa wanaharibu ardhi. Udongo wa Narok unasema kuwa baadhi ya malisho bora ya wanyamapori ni kazi ya mikono yao.

Si kila duara ni boma la kale. Huko Laikipia, kituo cha utafiti cha Mpala, Robert Pringle na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba vichuguu vya mchwa vilivyopangika kwa nafasi karibu sawa hurutubisha mbuga nzima. Ndiyo maana lazima kuchimba kabla ya kusema.

Mkoani kwetu maduara ya samadi yako Handeni na Kilindi, wanakoishi wafugaji wa Kiparakuyo. Mkulima mjanja huko anajua thamani ya mahame ya boma. Mahindi yake hapo husimama juu kuliko ya jirani. Maarifa hayo hayakungoja Nature. Lakini yanategemea boma kuhama, na boma sasa halihami kama zamani, kwa sababu ardhi inapimwa, inagawanywa, inazungushiwa waya. Tena samadi yenyewe imekuwa bidhaa. Kenya, ile ya maboma ya Wamasai hupakiwa kwenye malori na kupelekwa kwenye mashamba ya nyanda za juu, na mfugaji hupata fedha anazozihitaji kweli. Simlaumu. Ila ningependa wanaopanga matumizi ya ardhi vijijini, kabla hawajachora mipaka mipya Kilindi, waulize wazee mahame yako wapi, wayatie kwenye ramani, na wachukue udongo wake wakaupime, wakati wanaoyakumbuka bado wapo.