Kokeini: mihadarati inayotia ganzi kwelikweli

Tanzania husema "dawa za kulevya", na mamlaka inayopambana nazo imebeba jina hilohilo. Kenya hupenda "mihadarati". Mitaani ni "unga", ingawa anayesema unga mara nyingi ana heroini akilini. Kokeini imo ndani ya majina yote matatu, na kati ya hayo ni moja tu linaloieleza, tena kwa sababu ambayo wasemaji wengi hawaikusudii.

Kulevya hakuifai. Pombe hulevya: ulimi unakuwa mzito, miguu inapishana, usingizi unafuata. Aliyetumia kokeini yuko kinyume chake, macho makavu, maneno hayamwishi, njaa imemtoka, moyo unamwenda mbio. Anaweza kufanya upumbavu kuliko mlevi, lakini hapepesuki. "Mihadarati", kwa upande wake, imetokana na Kiarabu mukhaddirat, na mzizi wake ni khadar, yaani ganzi. Waarabu mpaka leo huita kazi ya kumtia mgonjwa ganzi takhdir. Kwa hiyo mihadarati ni vitu vitiavyo ganzi. Afyuni na heroini zimeingizwa humo kwa ukarimu tu, maana hizo hupoza maumivu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ukizipaka kwenye kidonda hazikifishi ganzi. Kokeini hukifisha.

Jambo hili lilionekana mapema. Mwaka 1860 Albert Niemann, mkemia kijana wa Göttingen nchini Ujerumani, alieleza jinsi alivyoitenga alkaloidi hiyo kutoka majani ya mkoka wa milima ya Andes, akaandika kwamba ukiiweka kwenye ulimi, ulimi hupoteza hisi. Madaktari wengi hawakushtuka. Ilipita miaka ishirini na zaidi. Mwaka 1884, kule Vienna, Sigmund Freud alichapisha makala ya kuisifu kokeini kama dawa ya uchovu na ya kuwaachisha watu mofini, wazo lililomletea aibu baadaye. Mwenzake Karl Koller, aliyekuwa akitafuta dawa ya kutuliza jicho kwa ajili ya upasuaji, alishika ule uzi ambao Freud aliupita. Alidondosha maji ya kokeini kwenye jicho la chura, kisha la wanyama wengine, kisha lake mwenyewe, akaligusa kwa kichwa cha pini. Hakusikia kitu. Tarehe 15 Septemba ugunduzi huo ulitangazwa kwenye mkutano wa madaktari wa macho mjini Heidelberg, na aliyeusoma alikuwa mtu mwingine, kwa kuwa Koller hakuwa na nauli.

Ganzi hiyo inatokeaje? Neva hupeleka habari ya maumivu kwa kufungua vijilango vidogo mno kwenye utando wake, sodiamu ikaingia kwa kasi, na mshtuko wa umeme ukasafiri kutoka kijilango hadi kijilango. Kokeini huviziba. Ajabu ni kwamba huviziba kutokea ndani. Molekuli isiyo na chaji ya umeme hupenya utando wenye mafuta, ikifika ndani inajipatia chaji, na ikiwa na chaji ndipo inapong'ang'ania mlangoni. Nyuzi nyembamba zinazobeba maumivu hunyamaza mapema. Mguso na mkandamizo huchelewa. Ndiyo sababu mgonjwa kwenye kiti cha meno husema "nasikia unavuta, lakini hapaumi".

Mwenendo huo wa chaji hueleza pia jambo linalowakera wagonjwa: jino lililofanya usaha na ganzi isiyoshika. Nyama iliyovimba ina asidi zaidi, na kwenye asidi molekuli nyingi hupata chaji zingali nje ya neva, zikashindwa kupenya. Sindano ni ileile na mkono ni uleule, ila dawa imebaki mlangoni. Wenyeji wa Andes walikuwa wakiucheza mchezo huu huu kwa upande wa pili muda mrefu kabla ya kemia. Hutafuna majani ya koka pamoja na chokaa au majivu, kama wazee wa pwani wanavyopaka chokaa kwenye tambuu. Chokaa huondoa asidi, kokeini inabaki bila chaji, na utando wa shavu unaipitisha. Kwa kuwa jani lenyewe huwa na kokeini isiyofika hata asilimia 1 hivi, mtafunaji hupata uchangamfu wa taratibu, tofauti kabisa na anayevuta unga uliosafishwa.

Uchangamfu huo ni kazi ya pili, na hauhusiani na sodiamu. Neva za ubongo huongea kwa kumwaga dopamini, noradrenalini na serotonini, kisha huzirudisha ndani. Kokeini huzuia kurudishwa, na ujumbe uliopaswa kukatika unaendelea kusikika. Miraa ya Meru hufika karibu na hapo kwa njia nyingine: kathinoni yake hulazimisha dopamini itoke. Kwa kundi hili la dawa wengine huandika "vichocheo", lakini neno hilo tayari limebebeshwa homoni na vimeng'enya, na mwanafunzi ataduwaa. Mimi naegemea "kichangamshi". Vivyo hivyo, ganzi ya mahali pamoja tuiite "ganzi", na ya kumlaza mtu tuiachie "nusukaputi". Hospitalini watu huzichanganya, halafu mgonjwa wa sindano ya mgongo anaogopa kwa kuwa bado anamsikia daktari akiongea.

Kazi zote mbili hukutana moyoni. Noradrenalini iliyokosa kurudi huibana mishipa ya damu, ikiwemo ile inayoulisha moyo wenyewe, wakati huohuo mapigo yanapanda na moyo unadai oksijeni zaidi. Misuli ya moyo nayo ina vijilango vya sodiamu, na kokeini haivibagui. Hivyo kijana asiye na ugonjwa wowote anaweza kupata shambulio la moyo, au mapigo yakavurugika. Akichanganya na pombe, ini hutengeneza kokaethilini, nayo ina sumu kwa moyo na hukaa mwilini muda mrefu zaidi.

Kubana mishipa si hasara kila mahali. Wapasuaji wa pua katika baadhi ya nchi bado wanaitumia, kwa kuwa dawa moja inafisha hisi na kupunguza damu. Kwingine nafasi yake imechukuliwa na jamaa zake wa kutengenezwa: prokeini ya Alfred Einhorn, iliyoingia sokoni mwaka 1905 kwa jina la Novocain, kisha lignokeini ya Nils Löfgren wa Sweden, iliyoundwa mwaka 1943. Mwisho wa majina hayo ni kipande kilichokatwa vibaya. Kokeini ni koka na -ini, kama kwinini au nikotini, ila wakemia waliondoka na "keini" nzima, na sasa kila dawa mpya ya ganzi huivaa. Wameiiga pia kazi ya kwanza na kuiacha ya pili: lignokeini haichangamshi ubongo kama kokeini, wala haibani mishipa bali huelekea kuitanua, ikasombwa na damu upesi. Ndiyo maana kwenye kichupa cha daktari wa meno mara nyingi imeandikwa na adrenalini, iliyoongezwa humo ibane mishipa ambayo kokeini iliibana bila msaada.