Ufunguo wa Simu Uko kwa Nani?

Mkulima wa viazi wa Isongole anaponunua simu mjini Tukuyu hukabidhiwa kifaa, chaja na risiti. Ufunguo hapewi. Ndani ya kila simu-janja mna programu ndogo, butiloda, inayotangulia kuamka na kuamua ni mfumo endeshi upi utakaoruhusiwa kufanya kazi. Aliyeifunga ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya kifaa ambacho mwingine amekilipia.

Historia ya kufuli hili ni fupi. Julai 2010, Maktaba ya Bunge la Marekani iliwaruhusu wenye simu kuvunja kufuli ili waweke programu wazitakazo. Mei 2011, HTC ya Taiwan ilitangaza, baada ya malalamiko ya wateja, kwamba itaacha kufunga butiloda. Mei 2018, Huawei ilitangaza kinyume chake: ingesitisha utoaji wa namba za kufungulia. Ruhusa ya kampuni, basi, ilikuwa hisani. Na hisani huondolewa bila kesi wala rufaa.

Je, mtumiaji hunufaika kwa kuruti simu, yaani kujitwalia mamlaka yote juu ya mfumo wake? Hunufaika. Huondoa programu zilizopachikwa kiwandani. Butiloda ikiwa wazi, simu iliyotelekezwa na mtengenezaji inaweza hata kupewa toleo jipya la Android. Lakini gharama huibeba peke yake: dhamana inaweza kufutwa, kosa dogo laweza kuiua simu, kinga dhidi ya wadukuzi hudhoofika, na baadhi ya programu za benki hukataa kufunguka. Katika nchi ambayo tangu M-Pesa ilipoingia mwaka 2008 simu imekuwa pochi, hiyo si gharama ndogo.

Kwa hiyo suluhisho halipo mikononi mwa fundi wa mtaani pekee. Dola ina nguvu, na imekwisha kuionyesha. Tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia nchini kote. Wafanyabiashara nao wamejifunza: Julai 2020, Safaricom na Google walianzisha nchini Kenya simu za mkopo wa shilingi 20 kwa siku, zinazofungwa kwa mbali mdaiwa asipolipa. Kufuli limegeuka mkusanya madeni.

Anayeweza kuizima simu ya mwananchi anaweza pia kumwekea masharti anayeiuza. Tangu 20 Juni 2025, Umoja wa Ulaya unawataka watengenezaji wasikatize masasisho ya mfumo kabla ya miaka 5 kupita tangu aina hiyo ya simu ikome kuingizwa sokoni. Nasi tudai mawili: muda wa masasisho uandikwe kwenye boksi, na muda huo ukiisha, au deni likimalizika, mwenye simu apewe ufunguo wake. Umiliki usio na ufunguo ni upangaji uliolipiwa kodi yote kwa mkupuo.