PALM: utafiti wa Beni na Butembo uliobadilisha matibabu ya Ebola

Wakati Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini, tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, dawa kadhaa za majaribio zilikuwepo. Lakini hakuna munganga aliyejua hakika ni gani inaponyesha. Watu wengi waliogopa CTE, wakisema ni fasi ya kwenda kufa.

Utafiti PALM, maana yake « Pamoja Tulinde Maisha », ulianza Beni mwezi wa 11, 2018, kisha ukafika Katwa, Butembo na Mangina. Uliongozwa na INRB ya Profesa Jean-Jacques Muyembe pamoja na NIH ya Marekani.

Juu ya nini kura?

Dawa nne zililinganishwa: ZMapp, remdesivir, mAb114 na REGN-EB3. Mugonjwa ao jamaa yake alikubali kwanza, kisha dawa ikapatikana kwa kura. Kama waganga wangechagua wenyewe, pengine dawa moja ingewaangukia wenye nguvu zaidi. Mwishoni isingejulikana kama ni dawa iliyoponyesha ao ni nguvu ya mwili. Wote walipata pia matunzo ya kawaida, kama vile serumu.

Matokeo

Kamati huru ilifuata hesabu kwa karibu. Tarehe 9 mwezi wa 8, 2019, ilishauri ZMapp na remdesivir ziachwe. Kwa kila wagonjwa 100, waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa karibu:

- remdesivir: 53
- ZMapp: 50
- mAb114: 35
- REGN-EB3: 34

mAb114 ilitokana na damu ya mutu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995.

Kuwahi ni nusu ya dawa

Kwa waliofika virusi vikiwa bado kidogo mwilini, hizi dawa mbili bora ziliacha kifo kama kimoja tu kwa watu 10. Virusi vikiisha kuwa vingi, zaidi ya nusu walikufa hata wakipewa hizo. Kila siku ya kukawia nyumbani iliongeza hatari.

Leo

Mwezi wa 8, 2022, OMS ilipendekeza rasmi hizo mbili. Mugonjwa anawekewa mara moja tu, kwa mushipa. Lakini zinafaa kwa Ebola ya aina ya Zaire peke yake. Ile ya Bundibugyo, iliyopiga Isiro 2012, haizisikii. Ndiyo maana kipimo cha laboratware kinatangulia dawa.