Chapati Yenye Mimba

Mtaani kwetu Temeke, upande wa Tandika, chapati ya babu ilikuwa na jina lake: chapati yenye mimba. Jina lilitungwa na wapangaji wa uani. Bibi hakulipenda, lakini lilishaganda. Ikiwa juu ya chuma inatuna tumbo, na ukiikata unakuta viazi vilivyopondwa, giligilani, pilipili mbichi na harufu ya binzari nyembamba. Wenyewe Wahindi huiita paratha. Babu alikuwa akisema "parota", nami nikakua nikiamini parota ni neno la Kindengereko, lugha ya kwao.

Ngano yenyewe si mgeni wa juzi pwani hii. Kile kitabu cha mabaharia cha Kiyunani cha karne ya kwanza, Periplus, kinasema wafanyabiashara waliokuja huku walibeba divai na ngano si haba, si ya kuuza bali ya kuwapendezesha wenyeji. Yaani ngano ilitufikia kwanza kama takrima. Lakini toka takrima hiyo mpaka chapati kukaa kwenye sinia la Temeke ni safari ndefu, na sehemu ya mwisho ya safari hiyo, maili chache tu, ndiyo ninayoijua vizuri.

Wahindi walikuwamo Dar es Salaam tangu Sultani Majid bin Said aanze kuujenga mji miaka ya 1860. Waingereza walipoushika wakaukata kanda tatu: ya kwanza Uzunguni, ya pili Uhindini, ya tatu Kariakoo. Kanuni hazikutaja rangi ya mtu, zilitaja aina ya nyumba, na kila mmoja alielewa. Kati ya kanda ya pili na ya tatu wakaacha uwanja mtupu, ndio Mnazi Mmoja. Baada ya Vita vya Pili wakajenga makazi ya Waafrika mbali zaidi, Ilala, Magomeni, Temeke. Hata mgao wa chakula wakati wa vita vile ulifuata rangi. Kwa hiyo mtu wa Temeke angeweza kuishi Dar miaka yote asijue mkate wa jirani yake Mhindi unafanana vipi, isipokuwa kama ameajiriwa jikoni kwake.

Babu aliingia mjini mwaka 1952 akitokea Rufiji, nchi ya mpunga. Akapata kazi Upanga kwa Mabanyani, watu wasiogusa nyama, samaki wala yai. Kazi ilikuwa kufua, kudeki na kumenya. Walimwita boi, naye alikuwa na mke na watoto wawili. Kupika hakuruhusiwa, maana jiko la Banyani lina miiko yake. Kikombe chake cha bati kilikaa dirishani kwa nje, hakikuchanganywa na vya ndani. Hilo alilisimulia bila hasira, lakini alilisimulia mara nyingi.

Mama mwenye nyumba, ambaye watoto walimwita Baa na babu naye akafuata, alikuwa na baridi yabisi ya vidole. Siku za mvua kukanda kulimshinda. Akamwambia boi anawe mikono mara mbili, akande yeye. Baada ya mwaka mmoja akamwachia na kusukuma. Kujaza akabaki nako mwenyewe kwa muda mrefu zaidi, na si ajabu, kwa sababu ufundi wote uko hapo.

Kosa la kwanza ni viazi vya moto. Mvuke ukibaki ndani hutafuta pa kutokea, chapati inapasuka kabla hujaigeuza. Viazi vichemshwe na maganda yake, vimenywe, viachwe vipoe kabisa, ndipo vipondwe pasibaki hata kibonge kimoja, maana kibonge hutoboa unga kama kokoto. Ukiweka mchicha, utie chumvi kwanza, ungoje, uukamue mpaka maji yaishe. Donge lisukumwe liwe kama kisosi, katikati nene na kingo nyembamba. Unaweka mchanganyiko, unakusanya kingo juu kama unafunga kifuko cha karanga, unabana, unakata kinyonyo kinachobaki. Halafu unageuza mshono chini na kusukuma kwa kulibembeleza. Babu alikuwa akiulaza mti wa kusukumia karibu usiguse. Alisema unga una masikio.

Nimesoma pengi kwamba chapati Afrika Mashariki ililetwa na makuli wa reli ya Uganda, iliyojengwa toka Mombasa kati ya 1896 na 1901 kwa kazi ya Wahindi zaidi ya 30,000. Hayo nawaachia Wakenya. Reli yetu ya Kati, iliyoanza hapa Dar mwaka 1905, ilijengwa zaidi na vibarua wa Kiafrika. Mimi ninachokiona ni wanaume waliokuwa wakivuka Mnazi Mmoja alfajiri kwenda Uhindini na Upanga, na kurudi jioni na ujuzi mikononi. Enzi za mkoloni kazi za ndani mjini zilishikwa hasa na wanaume. Dada wa kazi alikuja baadaye. Leo chapati inaonekana ni kazi ya kike tangu Adamu, na mwanamume anayesukuma anachekwa. Bibi yangu alifundishwa chapati na mumewe, na wanawake wa mtaa wakafundishwa na bibi.

Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mengi yalikuwa ya Wahindi, na wengi wao wakaanza kufunga mizigo. Mwajiri wa babu aliondoka mwaka uliofuata kwenda Uingereza. Mshahara wa mwezi wa mwisho haukulipwa kwa fedha. Babu alipewa chuma cha chapati, kibao, mti wake na kopo la samli lililobaki robo. Akapanda navyo basi la DMT mpaka Temeke.

Bibi alipokula mara ya kwanza aliuliza ndani mmewekwa nini. Babu akasema mboga. "Sasa mboga ya kulia iko wapi?" Alikuwa na haki. Kwetu mboga ni kitoweo, iwe nyama iwe mchicha, na hukaa bakulini pembeni. Akaimwagia mchuzi wa pweza wa nazi. Nafikiri hapo ndipo paratha ilipopata uraia, na Baa angeona angezimia.

Kisha ikaja njaa ya bidhaa, baada ya vita vya Kagera. Ngano yetu ililimwa Basotu, Hanang, kwenye mashamba ya shirika la serikali la NAFCO yaliyosaidiwa na Kanada, kwenye ardhi ambayo Wabarabaig walikuwa wakichungia na wakaipigania mahakamani. Unga ukasagwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, ukaja mtaani kidogokidogo, kwa foleni na kwa kujuana. Nilikuwa mtoto wa kutumwa kushika nafasi kwenye foleni toka saa kumi na moja alfajiri, na jiwe letu la kushikia nafasi liliwahi kusogezwa nyuma na mtu mzima mwenye tasbihi mkononi. Nyumbani kwa kawaida palikuwa na ugali, kuna wakati ule wa mahindi ya njano tuliouita unga wa Yanga.

Chapati yenye mimba ilitufaa sana wakati ule. Unga wa vikombe viwili ulishibisha watu tisa, kwa sababu kadiri unga ulivyopungua babu aliongeza tumbo: viazi vikikosekana muhogo wa kuchemsha, magimbi, hata kisamvu kilichokaushwa maji motoni. Siku moja mama alijaribu kuchanganya unga wa muhogo kwenye ngano ili uongezeke. Haukuvutika. Zote zilipasuka, tukala uji mzito wenye vipande.

Baada ya 1985, enzi za Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, unga ukarudi madukani. Leo chapati iko kila kibanda asubuhi, na supu au na chai. Yenye mimba haikutoka nje ya nyumba zetu. Nimewahi kuitembeza Tandika sokoni. Watu wana bei ya chapati kichwani, na hawaongezi kwa ajili ya kitu wasichokiona.

Chuma ninacho bado, kimebonyea katikati, mafuta yanakusanyika hapo na chapati inaiva zaidi kwenye kitovu. Ya kwanza hupasuka karibu kila siku. Hiyo ilikuwa ya babu. Alikuwa akiila wima, kaupa ukuta mgongo, kama alivyozila zilizopasuka Upanga miaka ishirini, na bibi alimsogezea kigoda mpaka akachoka, akaanza kukikalia mwenyewe.